Kichwa Kilichoegemea Hewa

Kufuta mkono kwenye picha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Unachukua kipande cha nguo kutoka bega la pili, unakigeuza, unakilaza juu ya vidole, unalainisha ukingo, basi. Mkono umekwenda na mwenyewe hana habari. Mpiga picha ambaye mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa kuwa aliwadai wateja kitu ambacho yeye hakuwa nacho, alikuwa amefuta mikono mingi kuliko aliyowahi kuishika.

Kisichofutika ni kule kuinama. Mtu akishikwa bega na anayempenda, shingo hulegea na kichwa humfuata yule aliyemshika. Ondoa mkono, kichwa kitabaki palepale, kimeegemea hewa. Wateja hawakuliona hilo. Yeye aliliona. Kila sebule aliyoingia alikuta watu wake ukutani, wajane, walioachika, waliogombana na ndugu, wote wameinamia mahali pasipo na mtu. Siku hizi hata akiwa peke yake studio aligeuka ghafla, akidhani kuna mtu kasimama upande ule.

Safari za kazi nazo hazikumponya. Mgodini wachimbaji walimsihi awapige picha kabla hawajashuka, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Kwenye kambi ya waliokimbia mafuriko alimkuta mama anaanika picha kwenye kamba ya nguo. Maji yalikuwa yamekula sura zote, yakaacha mabega na vidole vilivyoyashika. "Huyu mume wangu," mama alisema, akigusa kidole gumba. Tabasamu alipiga, akashukuru, akapanda basi. Kile kidole kilipanda naye.

Sasa mbele yake alikaa shangazi wa binti aliyefariki juzi, anachagua picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tabasamu ndiye aliyempiga picha binti huyo siku ya mahafali.

"Hii," shangazi alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Joho limemkaa vizuri. Ila huo mkono begani uutoe."

"Wa nani?"

"Wa yule aliyemzaa. Kaka yangu alimfukuza mwanamke huyo, mtoto akiwa bado anatambaa. Msibani hakanyagi, na kwenye picha hakanyagi."

Tabasamu aliikumbuka siku ile. Picha zote walizopiga na baba, binti alisimama wima kama mlingoti. Halafu mwanamke mwenye mtandio wa bluu akajipenyeza kutoka nyuma, akamshika bega, akaondoka kabla baba hajageuka. Katika picha hiyo moja tu, binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Shangazi, nikiutoa, mtoto ataonekana anaegemea hewa."

"Marehemu aegemee nini tena, mwanangu? Fanya kazi yako. Kesho asubuhi tunazika."

Alipoondoka, fundi simu wa mlango wa pili akachungulia. Kuta zilikuwa nyembamba, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Futa tu, dada. Mimi nafuta namba za michepuko ya watu kutwa nzima, na nalala fofofo."

"Wewe unalala hata ukiwa umesimama. Toka."

Akaufuta. Ilitoka safi, hata yeye asingeona mshono. Binti alibaki na joho lake na tabasamu lake, kichwa kimelalia kulia. Kulia kwa meza palikuwa na kigoda cha wateja. Tabasamu alikaa muda mrefu bila kukitazama. Mwishowe akakitazama. Kilikuwa kigoda kitupu, na hilo ndilo lililomtia baridi. Angekuwepo mtu, angemwuliza anataka nini.

Akaurudisha mkono. Akachapa picha kubwa, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa karatasi.

Asubuhi shangazi aliipokea mbiombio bila kuifungua. Makaburini karatasi ilipochanwa, minong'ono ikapita safu hadi safu. Baba alikuja karibu. Aliutazama ule mkono, akautazama uso wa bintiye. Akakaa kwenye udongo na suti yake. Watu wakamkimbilia. Hakubaki wa kulinda geti la makaburi, na mwanamke aliyekuwa amesimama nje tangu alfajiri akaingia, akapita katikati yao, akauweka mkono wake juu ya jeneza. Mtandio wake ulikuwa wa bluu. Tabasamu alikuwa ameitwa kupiga picha, akapiga.

Siku ya tatu shangazi aliujaza mlango wa studio.

"Umetuvua nguo mbele ya watu. Kaka yangu hali, hasemi. Ameigeuza ile picha itazame ukuta, halafu usiku anaigeuza tena aione."

"Pole, shangazi."

"Pole yako sitaki. Nilikuambia utoe mkono, ukatuletea mkono. Leo jioni utakuja nyumbani, upige magoti mbele ya wazee, uombe radhi. La sivyo hakuna mtu wa ukoo wetu atakayekanyaga hapa, na ukoo wetu unaujua ulivyo."

Tabasamu aliujua. Nusu ya harusi za mtaa zilikuwa zao. Akavuta kigoda, akamsogezea.

"Kaa upumzike, shangazi, jua kali. Nitakaribisha yeyote atakayekuja, na asiyekuja simwiti. Ila magoti sipigi, na radhi siombi."