Giza Zuri la Kupigia Picha

Jumanne moja, saa nne kasoro robo asubuhi, karani wa masjala ya ofisi ya mji alikuwa akigonga muhuri kwenye barua ya kumi na mbili ya dada yake. Aliigonga kama alivyozigonga zile kumi na moja zilizotangulia: neno IMEPOKELEWA, tarehe, saini fupi. Kwa sababu ya kazi hiyo wenzake walimwita Muhuri, naye alikuwa ameshazoea kuitika.

Barua aliisoma akiwa amesimama. Dada yake alikuwa mkunga mkuu wa zahanati ya wazazi kule mlimani. Aliandika kwamba mwezi uliopita betri za tochi zilimwishia akiwa katikati ya kumshona mzazi, na hadi zilipopatikana nyingine, mzazi hakuwepo tena. Mtoto yupo, ananyonya kwa shangazi yake. Aliomba tena nyaya za umeme. Nguzo zilikuwa zimesimikwa miaka sita nyuma, zikapanda mlima mpaka ukutani kwa zahanati, zikaishia hapo bila waya hata mmoja, na tangu siku hiyo wafaidika wake walikuwa kunguru.

Muhuri aliitia barua kwenye jalada, akaufunga ukamba wake, akalipeleka kwa Mkurugenzi. Lilirudi kabla ya chai. Pembeni palikuwa pameandikwa kwa wino wa kijani: "Suala linashughulikiwa." Mkurugenzi alikuwa ameandika maneno hayo mara kumi na mbili, na kila mara mwandiko wake ulizidi kupendeza.

Siku hiyohiyo Muhuri alikabidhiwa kamera. Ofisi ilikuwa inazindua chemchemi mbele ya jengo lake, yenye taa za rangi sita chini ya maji, na Ijumaa jioni zingerushwa fataki. Mpiga picha wa ofisi alikuwa amestaafu. Mkurugenzi akaamua kwamba, kwa kuwa picha hutunzwa masjala, basi na zipigwe na masjala. Muhuri hakuwa amewahi kupiga picha hata ya paka. Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, ya filamu, nzito kama pasi ya mkaa.

Mchana akaenda kwa Mzee Negativu, mwenye studio nyuma ya soko.

"Fataki haipigwi kama harusi, binti yangu," alisema mzee. "Hata uiambie icheke, haikusikii."

Akamfundisha. Kamera ikae juu ya miguu mitatu, isitikisike. Gurudumu liwekwe kwenye herufi B. Ukibonyeza kitufe kilicho mwisho wa waya huu, kilango cha kamera kinafunguka na kinabaki wazi, mwanga unaingia. Ukibonyeza tena, kinajifunga. Hesabu mpaka nne tu, usizidishe.

"Na kuliko yote, tafuta giza," alimaliza. "Giza safi, lisilo na taa ya mtu."

Muhuri hakuhitaji kulitafuta. Alirudi ofisini akaandika dokezo kwamba giza zuri kuliko lote mjini liko kwenye uwanja ulio mbele ya zahanati ya wazazi, na fataki zirushwe hapo. Hakuandika kwa ajili ya picha tu. Alijisemea moyoni kwamba Mkurugenzi akisimama pale kwa miguu yake mwenyewe, akajikwaa kama wanavyojikwaa wazazi, ataona. Barua hazikumfikisha mlimani. Pengine fataki zingemfikisha.

Zikamfikisha. Ijumaa saa moja na nusu gari lake lilipanda mlima likiongoza magari ya wageni. Akashuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona kitu. Kutoka dirisha la zahanati kilionekana kidoa kimoja cha mwanga kikitembea.

"Giza zuri sana hili," alisema Mkurugenzi. "Litunzwe."

Muhuri alikuwa ameshasimamisha miguu mitatu na kukamata waya. Mkurugenzi akainua mkono. "Fungua!" akasema, na Muhuri akabonyeza.

Fataki ya kwanza ilichanua nyeupe, ya pili ya kijani, na ya tatu ya dhahabu, pana, mfano wa ua la kitunguu. Kisha mtu akaja kumnong'oneza Mkurugenzi kwamba chakula kimeshapakuliwa kule kwenye chemchemi. Mkurugenzi akaingia garini na wageni wakamfuata. Hakusema "funga."

Hapa inabidi kueleza jinsi masjala inavyofanya kazi. Jalada lililofunguliwa kwa amri hufungwa kwa amri ya huyohuyo aliyelifungua. Muhuri aliwahi, mwaka wake wa pili kazini, kufunga jalada moja kwa akili yake mwenyewe, akapewa barua ya onyo ambayo ingali kwenye kumbukumbu zake. Baada ya miaka kumi na tisa mkono wake haukuwa na akili nyingine. Akasimama na waya wake, akasubiri amri, na kilango cha kamera kikabaki wazi.

Na fataki zikabaki juu. Ile nyeupe, ile ya kijani na ile ya dhahabu zilining'inia pale zilipochanulia, kila cheche mahali pake, na moshi wake pembeni. Mlio wa ile ya tatu nao ulikuwa haujaisha. Ulinguruma kwa chini, kama jirani anayesaga. Uwanja wote ulikuwa na mwanga wa kuokotea sindano.

Mzee Negativu alipanda mlima asubuhi, akaikagua kamera bila kuigusa.

"Umeacha wazi," alisema. "Mwanga unasubiri. Hutokea, kamera ikishikwa na mtu mwenye nidhamu."

"Nifunge?"

"Aliyekwambia ufungue ni nani?"

"Mkurugenzi."

"Basi mimi simo," alisema mzee, akamwachia mwavuli.

Watu walilipokea jambo hilo kama wanavyopokea bomba jipya la maji. Fundi viatu alihamishia benchi lake uwanjani. Wanafunzi walikaa kwenye nyasi na vitabu. Mama mmoja aliyekaa karibu alilalamika kwamba kuku wake hawalali, mwenzake akamwambia ashone pazia la banda. Mvua iliponyesha siku ya tatu, matone yalipita katikati ya fataki yakaanguka chini yakiwa na rangi, na Muhuri akaifunika kamera kwa mwavuli, mgongo wake ukalowa. Alikuwa amepewa kibali cha kufanyia kazi nje ya kituo. Alikiandika na kukigonga muhuri mwenyewe, na hakuna aliyekihoji, kwa kuwa muhuri ulikuwa sahihi.

Usiku wa kwanza dada yake alitoka zahanati akiifuta mikono, akaja mpaka kwenye miguu mitatu.

"Nimemshona mtu kwa macho," alisema. "Kwa macho, mdogo wangu! Miaka sita nimekuwa nikishona kwa kupapasa, kama fundi kipofu."

Akatoa tochi mfukoni, akaigeuza. Kwenye shingo yake ya plastiki palikuwa na alama za meno, za juu na za chini, zimechimbika kabisa. Mkunga ana mikono miwili tu, na kazi ile inaitaka yote, kwa hiyo tochi hukaa mdomoni. Jino lake la mbele lilikuwa limeanza kucheza.

"Usifunge," alisema dada.

"Sijaambiwa nifunge."

"Hata ukiambiwa."

Muhuri akaukaza mkono kwenye waya.

Kwa siku kumi na moja walijifungua wazazi kumi na tisa, watoto ishirini, maana palikuwa na pacha. Hakupotea hata mmoja. Wawili walivuja damu nyingi, na mara zote mbili dada aliona inakotoka. Ndiyo siri yote ya kazi ile: kuona inakotoka. Haihitaji miujiza. Inahitaji waya wa mita mia mbili.

Siku ya kumi na mbili jalada lililetwa mlimani kutoka ofisini, na Muhuri alipolifungua alisoma wino wa kijani mara mbili. Mkurugenzi alikuwa ameandika kwamba, kwa kuwa zahanati ya wazazi sasa ina mwanga wa kutosha, ulioletwa na ofisi yake kwa juhudi kubwa, maombi yote kumi na mawili ya umeme yamefungwa. Kesho yake lilikuja lori. Vijana wa ujenzi waling'oa nguzo moja baada ya nyingine, chini ya mwanga uleule, wakazipeleka kuzungushia bustani ya chemchemi. Muhuri aliwatazama wakizipakia. Hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba, na aliwaza neno moja ambalo karani hapaswi kulitia kwenye dokezo.

Mwisho wa wiki iliyofuata Mkurugenzi akakumbuka picha. Taarifa ya mwaka ilikuwa inakwenda kuchapwa, na ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu. Alituma ujumbe: kilango kifungwe, filamu iletwe.

Hapo Muhuri akafanya kitu pekee alichokuwa anakijua. Alijibu kwamba amri ya mdomo haitoshi. Ilipoletwa ya maandishi, akairudisha: haina kumbukumbu namba. Iliporudi na namba, akaona tarehe imekosewa. Ilipokuja na tarehe, nakala zilikuwa mbili badala ya tatu. Kwa miaka sita Mkurugenzi aliwapiga kalenda wazazi wa mlimani. Muhuri alimpiga kalenda yeye kwa siku tisa, na katika siku hizo walizaliwa watoto wengine kumi na wanne.

Siku ya kumi Mkurugenzi alipanda mlima mwenyewe, saa moja na nusu jioni, na karatasi mkononi.

"Iko kamili," alisema. "Namba, tarehe, nakala tatu, saini."

Muhuri aliisoma. Ilikuwa kamili.

"Mkurugenzi, ndani kuna mzazi. Yuko katikati."

"Dada yako ana tochi. Nimeona kwenye orodha ya vifaa."

"Nakuomba usubiri amalize. Nusu saa tu."

"Wachapaji hawasubiri, mama."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayetembea na taa za gari mbele hajui giza ni nini. Muhuri aliuweka mkono wenye waya nyuma ya mgongo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia bosi tangu aajiriwe. Mkurugenzi hakukasirika. Alimzunguka, akakikamata kitufe kwa vidole viwili, akabonyeza.

Mlio wa fataki ya tatu, ambao kwa siku thelathini na moja ulikuwa umekwama njiani, ukamalizika. Vioo vilitikisika. Cheche zote zilizima kwa pamoja. Fundi viatu akasikika akitafuta nyundo yake kwenye nyasi. Dirishani kwa zahanati, baada ya muda ambao Muhuri aliuhesabu mpaka thelathini na nane, kidoa cha mwanga kikawaka.

Mzazi alipona, na mtoto pia. Lakini dada aliing'ata tochi kwa nguvu kiasi kwamba jino la mbele lilivunjika, na aliendelea kushona bila kulitema, maana kutema kungeangusha tochi. Alilihifadhi kwenye kikopo cha pamba.

Mzee Negativu aliisafisha filamu siku iliyofuata. Negativu ilitoka nyeusi ti, na picha ikatoka nyeupe pe, ukubwa wa meza ndogo, bila fataki, bila mlima, bila kitu. Ilikuwa inawaka. Chumba cha giza cha studio kilikuwa cheupe mpaka kwenye pembe. Mzee alijaribu kutoa nyingine, ikawa karatasi tu.

"Umeingiza mwanga mwingi mno, binti yangu," alisema akiifunga kwenye blanketi. "Ndilo kosa la wanaoanza."

Muhuri alitaka kuipandisha mlimani palepale. Lakini dereva wa Mkurugenzi alikuwa ameshafika mlangoni na kitabu cha kusaini kupokea vitu vya ofisi, akaichukua. Mkurugenzi aliitazama, akasema imetoka vizuri, akaitia fremu na kuitundika ukutani nyuma ya kiti chake. Ilimuumiza macho. Akaagiza pazia zito la kuifunika, na baada ya wiki, pazia la pili.

Barua ya kumi na tatu ilifika Jumatatu. Dada hakuomba tena nyaya; nguzo hazikuwepo. Aliomba kuazimwa picha iliyo ofisini kwa Mkurugenzi, kuanzia ofisi inapofungwa jioni hadi inapofunguliwa asubuhi, wakati ambapo haitumiki. Angeichukua na kuirudisha kwa gharama yake, ikiwa imefutwa vumbi. Mwezi huo, aliongeza, anatarajia wazazi ishirini na saba.

Muhuri aliigonga muhuri, akaipeleka. Ilirudi kabla ya chai, wino wa kijani ukiwa bado haujakauka.

Jioni alibaki mpaka wote walipoondoka. Akapita kwenye korido, barua mkononi. Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa na uwazi wa kidole kwa chini, na mwanga ulikuwa umepita mapazia yote mawili, ukatoka hapo chini, ukajilaza sakafuni mpaka kwenye viatu vyake. Aliusukuma mlango. Ulikuwa umefungwa. Akausukuma tena kwa bega, kwa nguvu zake zote, na kitasa hakikutikisika. Ukuta wa korido ulikuwa mweupe, feni iliyozimwa ilionekana hadi skrubu zake, na kwenye barua kila neno lilisomeka: suala linashughulikiwa.

Akageukia dirishani. Kule mlimani kidoa cha mwanga kilikuwa kimeshawaka, chini, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeinama.