Si Mkono, ni Stering

Mwalimu Ednah aligonga nguzo ya geti la shule kwa gari lake siku ya Jumanne, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yakinyesha na wasichana wa kidato cha pili wakiwa kwenye mstari wa kuingia. Hakugonga kwa nguvu. Taa ya kushoto ilipasuka na bampa ikapinda kidogo. Lakini alikuwa ameishika stering kwa mikono yote miwili, meno ameyauma, na katikati ya kona ikawa nzito ghafla, kana kwamba mtu mwingine ameishikilia upande wa pili.

Bawabu alikuja mbio. Alitazama taa, kisha akatazama bega la kulia la mwalimu.

"Pole, mwalimu. Ni ule mkono?"

 Ednah alirudisha gari nyuma, akaliegesha chini ya dirisha la maabara, akaketi humo mpaka kengele ikalia. 

Watu wote waliujua mkono huo. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekatwa titi la kulia, pamoja na tezi za kwapani. Kwa miezi mingi hakuweza hata kufunga vitenge vyake mwenyewe. Aliufanyisha mkono kazi kila jioni, akiinua pakiti ya sukari mpaka usawa wa sikio, mara ishirini, mara thelathini, akilia na kuendelea. Daktari alipomruhusu kuendesha gari tena, baba yake, aliyekuwa daktari wa mifugo kule Ruiri, alimkabidhi Mercedes yake ya mwaka sabini na tisa. "Ile pikapu yenu itakuua mkono," alimwambia. "Hii ina pawa ya stering. Unaizungusha na kidole."

Na ilikuwa kweli. Mwaka mzima aliteremka nayo kutoka Manyatta hadi mjini Embu bila taabu. Shida ilianza mwezi wa Aprili, baada ya gari kutoka sevisi. Asubuhi fulani stering ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ikifika mchana, inakuwa laini.

Mumewe, Munyi, aliyefanya kazi katika ofisi ya ardhi, alilirudisha gari kwa fundi wao Kirimi, yule yule aliyelifanyia sevisi, mtu wa Meru mwenye gereji karibu na soko. Ednah alienda pia. Kirimi aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akazungusha stering injini ikiwa imezimwa. Ilizunguka bila kukwama. Akafungua kifuniko cha oili ya stering: oili ilikuwa ya kutosha, haina povu, haivuji popote. Akawasha injini, akazunguka uwanja wa gereji mara tatu, kidole kimoja tu juu ya usukani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, vumbi linapepea.

"Gari iko sawa, mzee," alimwambia Munyi. Hakumtazama Ednah. "Labda ni mama tu. Unajua vile alikuwa mgonjwa."

Munyi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua tayari. Ednah alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao.

"Mimi niko hapa," alisema. "Niulizeni mimi."

"Hakuna mtu amesema kitu kibaya, Mama Wanjugu," alisema Munyi. "Twende nyumbani."

Hayo yalikuwa wiki tatu kabla ya nguzo. Na jioni ya siku ya nguzo, Munyi aliikagua taa iliyopasuka, akanawa mikono, akaketi mezani na kusema kwamba amekwisha kuamua. Kulikuwa na bwana mmoja wa Makutano, Meru, jina lake Marete, ambaye alikuwa na magari ya zamani ya kukodisha kwa harusi. Alikuwa amempigia simu. Angekuja Jumamosi kuliona gari pale gereji kwa Kirimi.

"Umempigia lini?"

"Wiki jana."

"Kabla sijagonga kitu chochote?"

Munyi alijimiminia chai. "Utagonga mtoto siku moja. Mimi nakulinda."

"Gari ni la baba yangu. Alinipa mimi."

"Na mkono ni wako. Sasa mimi nifanye nini?"

Ednah aliinuka, akaacha chakula.  Hasira yake haikuwa ya gari peke yake. Tangu augue, watu walikuwa wakizungumza juu yake mbele yake. Mama mkwe alimwuliza Munyi kama Ednah ataweza kupika. Mwalimu mkuu alimwuliza mwenzake kama Ednah ataweza kusimama darasani vipindi vitano. Sasa hata fundi wa magari alikuwa ameupima mkono wake bila kuugusa, na mume wake akakubali.

Ednah alifundisha fizikia. Tangu shida ianze alikuwa akiandika nyuma ya kitabu cha maandalio ya masomo kila siku stering ilipokuwa nzito. Usiku ule alikifungua, akazisoma siku zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, akikumbuka kila moja ilivyokuwa, na mara akaona kitu ambacho angemwadhibu mwanafunzi kwa kutokiona. Siku zote kumi na moja zilikuwa za mvua.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Alitoka nusu saa mapema. Alipofika uwanja wa kanisa chini ya Manyatta alisimama, injini ikinguruma, akakata stering mpaka mwisho. Ilikuwa nzito, na kutoka mbele ya gari ulisikika mlio mwembamba, kama wa nguruwe anayekamatwa. Aliizima injini, akafungua boneti. Mkanda unaozungusha pampu ya stering ulikuwa umelowa chapachapa. Aliubonyeza kwa kidole gumba, nao ukazama kama kamba ya kuanikia nguo. Mkanda umelegea, ukiwa mkavu unashika, ukilowa unateleza, na pampu inabaki bila nguvu.

Lakini maji yalifikaje pale? Alitandaza gunia chini, akalala chali kwenye matope na koti lake la kazini, akachungulia. Chini ya injini palipaswa kuwa na bati la kukinga matope. Aliliona mara nyingi baba yake alipokuwa akibadilisha oili. Sasa hapakuwa na kitu. Mashimo ya skrubu yalikuwa matupu, na mkanda ulikuwa wazi kwa maji yote yanayoruka kutoka barabarani.

Alienda kufundisha akiwa na matope mgongoni. Hakumwambia mtu yeyote neno.

Jumamosi walifika gereji saa nne. Marete wa Makutano alikuwa bado njiani. Jua lilikuwa limewaka vizuri, na Kirimi alikuwa anafuta boneti kwa kitambaa ili gari livutie.

"Kirimi, ingia ndani uwashe," alisema Ednah.

Kirimi alimtazama Munyi.

"Usimwangalie yeye. Nimekuambia wewe."

Kirimi aliingia, akawasha. Ednah akafungua boneti. "Kata stering mpaka mwisho, kulia halafu kushoto." Kirimi aliizungusha kwa urahisi, akitabasamu kidogo. Ednah alichukua kopo la maji lililokuwa kando ya betri, akaumwagia mkanda.

"Kata tena."

Mlio ukatoka. Kirimi alivuta kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili. Mishipa ya shingo ilimtoka. Stering ilisogea kidogo, ikagoma. Alikuwa mwanamume mwenye mabega ya kubeba injini, na jasho lilimtoka pale kwenye kiti.

"Ni mkono?" Ednah aliuliza. "Kirimi, una mkono gani mbaya, wa kulia ama wa kushoto?"

Kirimi alizima injini. "Mwalimu, huu mkanda mpya niliweka wakati wa sevisi huwa unalegea kidogo. Ilikuwa nirudie kuukaza."

"Na bati la chini liko wapi?"

Macho ya Kirimi yalienda chini ya meza ya kazi, na Ednah akayafuata. Bati la gari la baba yake lilikuwa pale, limejaa oili chafu, na spana zimelowekwa ndani. Aliinama, akalivuta nje mwenyewe, akaimwaga oili kwenye pipa. Mkono wa kulia ulimuuma, lakini aliendelea.

"Kaza mkanda. Safisha hili, ulirudishe. Mimi nimesimama hapa."

Kirimi alifanya kazi kwa muda wa saa moja bila kuinua uso. Munyi alikuwa amejiegemeza ukutani, mikono mifukoni.

"Mpigie Marete," Ednah alimwambia. "Mwambie arudi Meru."

"Ameshafika Runyenjes."

"Mpigie."

Munyi alipiga. Ednah alimsikiliza mpaka alipomaliza, kwa sababu alitaka kusikia sababu atakayoitoa. Munyi alisema gari limepata shida kidogo. Ednah alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Bwana Marete, mimi ndiye mwenye gari. Halina shida. Haliuzwi." Akamrudishia.

Njiani kupanda Manyatta mvua iliwanyeshea. Aliendesha, stering laini kabisa. Munyi alizungumza walipopita viwanda vya chai.

"Nilidhani nakusaidia."

"Uliuliza fundi. Uliuliza Marete. Hata mama yako nadhani ulimuuliza. Mimi nalala na wewe kitanda kimoja."

Ednah hakumrahisishia. Munyi aliomba msamaha baada ya wiki mbili, wakichuma majani ya chai, bila kumtazama. Ednah alimwambia amesikia. Hakusema kitu kingine, kwa maana kweli hasira ilikuwa bado haijamtoka, na hakuona sababu ya kudanganya. Kwa Kirimi hakurudi tena. Alinunua spana mbili, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akifungua boneti mwenyewe na kuubonyeza ule mkanda kwa kidole.