Marinda Kwenye Nguo ya Kuzamia

Nguo ya kuzamia ya mjukuu wangu Gladness ilifika nyumbani kwangu Igogo siku ya Alhamisi, imekunjwa ndani ya mfuko wa salfeti pamoja na harufu yake ya tairi. Niliitoa nikaitandaza mezani karibu na cherehani, nikaipapasa kama ninavyopapasa kitambaa cha mteja yeyote. Nyeusi tupu. Unene wake kama kandambili. Ukiiminya inabonyea, ukiiachia inarudi. Zipu iko mgongoni, na kamba ya kuivutia ina urefu wa mkono wangu mzima. Mikono, miguu na kiwiliwili vyote ni kipande kimoja, kama zile nguo za watoto wachanga, ila hii ni ya mtu wa miaka ishirini na minne.

"Vaa nikuone," nikamwambia.

"Bibi, kuivaa tu ni robo saa."

"Kwani mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Akaanza na miguu. Akarukaruka, akajilaza kitandani, akapiga magoti, mwisho akaniita nimvutie zipu. Nilipomaliza akageuka, na mimi nikatafuta kiti nikakaa. Nimeshona miaka thelathini na minane, nimeshonea maharusi wembamba na wanene, lakini sijawahi kuona nguo inayomchora mtu mpaka kitovu.

"Huko kwenye vizimba kuna wanaume?"

"Wapo. Mwalimu Abeid, na Pius wa boti."

"Na wao wanavaa hivi hivi?"

"Abeid anavaa."

"Basi naye nitamwombea."

Vizimba ninavyosema ni nyavu kubwa zilizoning'inizwa ziwani kama mifuko, ndani yake wanafugwa sato. Wavu ukitoboka samaki wanaondoka zao, kwa hiyo lazima mtu ashuke chini na mtungi wa hewa mgongoni, atafute tundu, alishone huko huko ndani ya maji. Gladness alikuwa ghalani anapima chakula cha samaki, ndipo akasikia wanatafuta mshonaji wa chini. Akawaambia yeye amelelewa chini ya meza ya cherehani. Mwalimu Abeid akampa sindano na kipande cha wavu akiwa nchi kavu, akakishona kwa mshono niliomfundisha mimi, wa kurudi nyuma kila hatua mbili. Abeid alikivuta kwa mikono yote miwili, hakikuachia.

Shida ilikuwa baridi. Ziwa letu si la barafu, nimeoga humo tangu sijaota meno ya mbele. Lakini mwezi wa saba, upepo wa asubuhi unavuma, halafu ukae umeng'ang'ania wavu mita nane chini, miguu haitembei, vidole tu ndivyo vinavyocheza, hapo maji yanakuingia polepole mpaka kwenye uboho. Mara ya kwanza Gladness alitoka baada ya dakika kumi na nane, midomo rangi ya zambarau. Mara ya pili dakika ishirini na moja, na sindano ikamdondokea ziwani kwa kutetemeka. Abeid akamwambia Jumamosi ni mara ya mwisho. Akae majini dakika arobaini au zaidi, matundu manne, yote ayaone na yote ayashone. Akishindwa anarudi kwenye mizani yake ghalani, na kazi anapewa mtu mwingine.

Aliniambia hayo akiwa amekaa kitandani, nusu yake bado ndani ya ile nguo. "Bibi, ghalani nitaozea. Chini ya maji mimi ni fundi."

Sikulala vizuri kwa neno hilo. Ijumaa alipokwenda mazoezi ya kwaya Mirongo, nilikaa na ile nguo peke yangu, nikaifikiria kama fundi. Nikajiuliza, mtu akisikia baridi anavaa nini? Anavaa blanketi. Blanketi linambana mtu? Halimbani. Tena nguo inayobana inazuia damu kutembea, na damu isipotembea mtu anapoa. Nikaona kosa liko wazi kabisa, mjukuu wangu anaganda kwa sababu amebanwa. Nikiiachia hiyo nguo atapata joto, na heshima itapatikana hapo hapo.

Nikachukua wembe nikafumua mbavu zote mbili, kutoka kwapani mpaka pajani. Nikatoa kitenge changu cha kahawia chenye ndege, kile kizito, nikakikunja mara mbili. Cherehani nikaitia sindano ya mikoba. Nikaingiza marinda sita upande huu na sita upande ule, kila rinda upana wa vidole viwili, chini nikayabana kwa ukanda ili yasipepee. Kwenye nyonga nikaongeza kisketi kidogo. Kazi ya saa nne. Nilipoinyanyua nilijipongeza, kwa sababu ilikuwa nguo ambayo mtu anaweza kupita nayo mbele ya paroko.

Nikaikunja vizuri, nikairudisha kwenye salfeti, sikumwambia kitu. Nilitaka aifungulie kule kule, afurahi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda pamoja. Nilibeba kikapu chenye chupa mbili za chai, zile kubwa zenye maua. Moja ilikuwa na maji moto ya kumsugulia miguu akitoka. Ya pili ilikuwa na uji wa ulezi wenye karanga, nimeukoroga mzito, nikaupooza kwanza kwenye sufuria kwa sababu Gladness ulimi wake hauwezi vitu vya moto.

Mwalimu Abeid tulimkuta kwenye gati, mtu wa makamo, mtulivu, amekwishavaa nguo yake. Sikumtazama sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na baridi?"

Gladness akafungua mfuko. Akaitoa ile nguo, akaishika mabegani, kisketi kikaanguka na kuning'inia. Pius, yule kijana wa boti, akavua kofia.

"Bibi," Gladness akasema kwa sauti ndogo sana. "Hii nini?"

"Marinda, mke mwenzangu. Ya kuingiza joto."

Abeid alikuja akashika rinda moja, akalifungua kama mtu anayefungua barua ya mahakama. "Mama, umeshona vizuri sana. Lakini nikueleze kidogo hii nguo inavyofanya kazi. Haizuii maji. Maji yanaingia kidogo, yanakaa kati ya nguo na ngozi, mwili unayapasha moto. Nguo ikibana, yale maji ya moto yanabaki hapo hapo. Ikipwaya, yanatoka, yanaingia ya baridi. Gladness mwili wake ni mdogo, ndiyo maana nilimpa ile inayombana zaidi. Kwa marinda haya, leo atakuwa analipasha moto ziwa lote mpaka Bukoba."

Nimeharibu nguo za watu katika maisha yangu, fundi asiyeharibu hayupo, lakini mteja unampa pole na kumshonea nyingine. Hii hakukuwa na nyingine. Ya Abeid ingemmeza, na siku nyingine hakuna.

"Naomba sindano na nusu saa," nikasema.

"Hata ukiwa na cherehani hapa, bibi," Gladness akasema, "umekata. Umekata kabisa."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningeona nafuu. Alianza tu kuvaa, na kwa mara ya kwanza ile nguo ilimwingia kwa dakika moja.

"Hakuna dawa yoyote?" nikamuuliza Abeid.

Akakuna kidevu. "Wapo wanaomimina maji ya uvuguvugu ndani ya nguo kabla ya kushuka. Yanasaidia mwanzoni. Kwa hii nguo yatakaa dakika mbili."

"Mbili si haba," nikasema. Nikafungua chupa ya maji, nikayachanganya na ya ziwani mpaka yakawa joto la kumwogeshea mtoto, nikaifunga, nikairudisha kikapuni. Kikapu nikampa Pius aende nacho. "Akiwa tayari kushuka, mmiminie kwa shingoni. Ile yenye maua."

"Sawa, bibi."

"Na ukimfungulia zipu mgongoni, utazame Bukoba huko. Usimtazame yeye."

"Nitatazama Bukoba, bibi."

Kizimba cha majaribio kiko karibu na gati, ukipaza sauti mnasikilizana. Niliwaona vizuri. Gladness amekaa ukingoni mwa boti, miwani usoni, ule mpira wa kupumulia mdomoni, kisketi kimemwagika pembeni kama cha mwanakwaya. Pius amesimama nyuma yake, shingo ameikunja kabisa upande wa magharibi, mkono mmoja umeshika zipu, mwingine unamimina. Gladness akatoa mlio, "Mmm. Mmmm." Pius akadhani anasema joto linatosha, akamalizia yote. Akafunga zipu. Gladness alijishika tumbo, akawageukia, akataka kusema, lakini mwenye mpira mdomoni atasema nini. Abeid akaonyesha kidole chini. Wakashuka.

Pius akanirudishia kikapu kwa boti, akarudi kizimbani, na mimi nikakaa kwenye jiwe na simu yangu ikionyesha saa.

Dakika kumi. Mapovu yanapanda, mawili mawili, yake na ya Abeid. Dakika kumi na tano. Nikasali kidogo. Kumi na nane, ile ya aibu ya kwanza, ikapita. Ishirini na moja ikapita, sikuamini, nikaipiga simu kwenye goti nikidhani imeganda.

"Bibi," Pius akaita kutoka kwenye boti, "maji yamebadilika rangi."

"Rangi gani?"

Akachungulia. "Kahawia." Akachungulia tena. "Bibi, Gladness asubuhi tumbo lilikuwa salama?"

"Salama kabisa. Kwa nini?"

"Basi tu."

Nikaona ninywe uji kidogo, nipate nguvu ya kusubiri. Nikafungua chupa iliyobaki kikapuni, nikamimina kwenye kikombe, yakatoka maji. Ya uvuguvugu, safi, joto la kumwogeshea mtoto. Nikayatazama. Nikaitazama chupa. Ina maua. Zote zina maua, moja waridi na nyingine alizeti, na mimi nilimwambia yenye maua.

"Pius," nikasema, "ulichommiminia kilikuwa kinatokaje?"

"Kwa shida, bibi. Nilitikisa."

"Hukuona?"

"Uliniambia nitazame Bukoba."

Dakika thelathini. Nilifikiria jinsi nitakavyomweleza mama yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza na hana subira kama yangu. Thelathini na tano. Sasa hata mimi niliyaona maji, kahawia hafifu, na juu yake samaki wadogo wanarukaruka kama mvua inayonyesha kutoka chini. Arobaini ikafika. Ikapita. Dakika ya arobaini na tatu kichwa cha Abeid kikatoka, kwenye kioo cha miwani yake kumeganda punje ya karanga. Kisha Gladness. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ametoka kula embe.

Walipofika kwenye gati, Abeid alivua miwani, akaitoa ile karanga kwa kucha, akaitazama, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Mama, huu ni uji."

"Wa ulezi," nikasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekosa mara mbili."

Gladness ndiye aliyeeleza, maneno yanamtoka kwa kasi. "Bibi, ule uji uliingia kwenye marinda ukakaa. Kila rinda likajaa kama mfuko. Maji yalikuwa yanajaribu kuingia, yanakuta uji. Nilikuwa na joto mgongoni kama nimebeba mtoto. Nikashona tundu la kwanza, la pili, la tatu. La nne sikulipata. Nikazunguka kizimba kizima, hakuna. Hewa ya mtungi inaisha. Halafu samaki wakaanza kunifuata, wananilamba kiunoni, wananichekesha, nikataka kuwafukuza. Nikajiuliza, hawa sato wakubwa hivi wametoka wapi? Ziwani hawapatikani kirahisi. Nikamwona mmoja anachomoka kwenye wavu, kule chini kabisa penye kona. Anachomoka, anakuja kula. Na mwenzake nyuma. Nikaenda wanakotokea, tundu hilo hapo."

"Umeshona?" nikauliza.

"Nimeshona. Kurudi nyuma kila hatua mbili."

Nikamtazama Abeid. Alikuwa anapekua daftari lake lenye jalada la plastiki, anaandika taratibu, na mimi nikaona mkono wa Gladness umekamata kisketi changu cha kitenge mpaka kimejikunja.

"Dakika arobaini na tatu," Abeid akasema. "Matundu manne. Samaki waliopotea kumi na mmoja, lakini hao nitasema walikwenda kupata kifungua kinywa. Kazi ni yako, Gladness. Jumatatu saa moja."

Gladness alinikumbatia, na uji wote uliobaki ukahamia kwenye gauni langu.

"Nguo irudi kama ilivyokuwa," Abeid akaongeza.

Ilinichukua Jumapili nzima baada ya misa. Niliifua mara tatu kwa sabuni ya mche, nikatoa ulezi kwenye mishono kwa mswaki, nikafumua marinda yote kumi na mawili. Mbavu nikazirudishia kwa vipande vya nguo kuukuu ya kuzamia aliyoleta Abeid, nikampima Gladness akiwa amesimama mbele ya kioo, nikaibana. Akasema bado inapwaya kwapani, nikaibana tena mpaka ikabana kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ilimchora kitovu, ilimchora kila kitu. Nikafunga zipu nikiangalia dirishani.

Anashuka kila siku sasa, saa nzima bila kutetemeka. Wiki ya pili Pius alipita nyumbani, akasalimia, akakaa, akazungukazunguka na habari za upepo.

"Bibi," akasema mwishowe, "ule uji ulitia sukari?"

"Vijiko vitano. Kwa nini?"

"Samaki wa kizimba kile tangu siku ile hawataki chakula chao. Wanakaa upande mmoja, wanamsubiri Gladness."

Nikamwambia asubiri kidogo, nikaenda kuloweka ulezi.