Siku Maabara Ilipopanda Kilima

Kuhama nyumba ni balaa, hilo halina ubishi. Lakini kuhamisha maabara ya shule mwaka ule wa vita ya pili ya Kongo, kwa haraka ya kukimbizana, na mvua za Oktoba zimeshaanza kutanda juu ya Kamembe, we acha tu. Wakubwa walilitaka jengo la zamani la koleji, lile la karibu na barabara ya mpakani. Walilitakia nini? Hakuna aliyeuliza. Mwaka ule watu walikuwa wameacha kuuliza. Shule iliambiwa tu kwamba Jumatatu jengo liwe tupu, na jengo jipya huko juu kilimani lilikuwa halina hata vioo madirishani.

Mtunza maabara alikuwa Mukansanga, mjane wa makamo. Alizaliwa na kukulia Bukavu, upande wa Kongo, kwa wazazi wakimbizi, akavuka daraja kurudi nyumbani baada ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne, nyumbani ambako hakuwahi kulala hata siku moja. Kazi aliipata kwa sababu meza ilikuwa haina mtu, na yeye aliwahi kuosha chupa katika hospitali moja kule ng'ambo. Pamoja na kazi alipewa vyumba viwili vya shule, akaishi humo na binti yake Umuhire. Ukimwondoa kwenye ile meza, umemwondoa na chini ya paa. Wasiwasi huo aliamka nao kila asubuhi.

Maana meza ilikuwa na mwenyewe. Alipokuja kufungua mlango asubuhi ya kuhama, kati ya vibarua waliokuwa wakingoja na kata zao za kutwikia mizigo mikononi alikuwepo Vénuste, mtunza maabara wa zamani. Huyu alikimbilia Kongo mwaka wa tisini na nne na umati mzima, akakaa kambini, kisha kambi zilipovunjwa akarudi kwa miguu, amekonda, na watu wakimtazama kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Hakuna aliyemwamini pia. Kazi yake hakuidai. Alibeba matofali, akabeba mawe, na leo alikuja kubeba maabara yake mwenyewe kichwani, tena kwa ujira wa kibarua.

"Maman, mwaramutse," alimsalimia Mukansanga kwa heshima, kofia mkononi. "Tutaanzia wapi?"

Mukansanga alimwonyesha viti kwa kidole, akampa mgongo. Lakini alimwona jinsi alivyopita karibu na meza akaigusa kwa kiganja, taratibu, na roho ikamchoma. Huyu anataka kurudi, alijiambia. Leo anagusa meza, kesho atakwenda kwa mkuu wa shule. Mimi na Umuhire tutakwenda wapi, Mungu wangu?

Mkuu wa shule aliitwa Kabera. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akiharakishwa hupiga kelele. Safari ya kwanza ya lori asidi ilimwagika njiani, ikatoboa magodoro ya bweni, na Kabera akashuka kutoka kilimani anatweta.

"Hakuna tena kitu chenye maji maji kitapanda kwenye kamio!" alisema akilionyesha lori. "Kila chupa imwagwe. Nataka vitu vikavu tu!"

"Hata ile ya sodiamu, Direkteri?" Mukansanga aliuliza.

"Maman, mimi nilisoma historia. Nimesema vikavu!"

Sodiamu ni metali laini, kisu kinaikata kama kipande cha sabuni, na adui yake ni maji. Ikiguswa na maji inachemka, inawaka, na ikiwa bonge kubwa inalipuka. Ndiyo maana popote duniani huwekwa chupani, imezamishwa ndani ya mafuta ya taa. Mukansanga aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba tangu vita vianze tena ng'ambo mafuta ya taa yalikuwa yameadimika Kamembe nzima, na mle ndani ya chupa mlikuwa na mafuta ya kumwashia Umuhire taa juma zima. Basi amri ya mkuu ikamkuta na shida yake, vikapatana. Aliyamimina mafuta kwenye kidumu chake, akayafuta yale mabonge kwa kitambaa, akayatia katika mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa tupu. Mfuniko wake ulikuwa umeliwa na kutu pembeni. Si kitu, aliwaza. Mbingu ilikuwa nyeupe, na mkebe angeubeba mwenyewe mkononi. Aliuweka dirishani, peke yake, asiusahau.

Vénuste alipita na kreti la vioo.

"Maman, samahani. Ile chupa ya sodiamu uliiweka wapi?"

Angesema tu. Neno moja lingetosha, na yule mtu angelishughulikia jambo hilo vizuri, maana alilishughulikia miaka mingi. Lakini Mukansanga alisikia swali la mtu anayekagua nyumba yake.

"Iko mahali yake," alijibu kwa ukali. "Wewe beba."

"Ndiyo, Maman. Ni muzuri, basi."

Akatoka ameridhika, maskini. Katika akili yake sodiamu ilikuwa chupani, chini ya mafuta, jinsi alivyoizoea. Hakuwa na sababu ya kuogopa mkebe wa maziwa.

Adhuhuri askari walilichukua lile lori kwa kazi zao. Hawakuomba. Mukansanga wakati huo alikuwa juu kilimani akipokea vitu, mkebe ameuacha auchukue safari ya mwisho, na huku chini Kabera alichanganyikiwa kabisa, akawarukia vibarua kila mmoja na mzigo: kichwani, mgongoni, kwapani, twende, twende! Vénuste alikuwa ameshatwikwa katoni la vyombo vya kioo. Kabera akazunguka chumba, akaona mkebe dirishani, akauchukua na kuutupia juu ya vile vyombo.

"Na haya maziwa ya nani? Peleka nayo!"

Mvua haikuanza kidogo kidogo. Ilishuka kutoka upande wa ziwa kama mtu aliyemwaga beseni. Mukansanga alikuwa anapanga mizani kwenye sakafu ya saruji. Alisikia matone ya kwanza kwenye mabati, akainuka, akakumbuka mkebe kwenye dirisha la chini. Alitoka mbio bila kitambaa kichwani, akiteleza kwenye tope. Alipofika kwenye kona ya juu ya soko alimwona Vénuste akipanda, katoni kichwani limelowa limenywea, na moshi mweupe unafuka juu yake.

"Vénuste! Tupa!" alipiga kelele, lakini mvua ilimeza sauti.

Hakuhitaji kuambiwa. Alisikia mchemko juu ya kichwa chake, akanusa, akajua. Kushoto kwake wanawake wauza parachichi walikuwa wamejibana chini ya turubai. Vénuste alilishusha katoni, akautoa ule mkebe kwa mkono mtupu, na kwa nguvu zake zote akautupa kulia, kwenye migomba, mbali na wale wanawake. Haukufika kwenye migomba. Uligonga ukingo, ukatumbukia katika mfereji uliokuwa umejaa maji.

Mlio ule ulisikika mpaka stendi ya mabasi. Soko zima lililala chini. Watu wa Kamembe mwaka ule walizijua sauti zote za namna hiyo, na kila mmoja aliupa mlio ule jina lile lile: grenedi, bomu la mkono. Na wale waliokuwa karibu walikuwa na zaidi ya sauti. Walimwona kwa macho yao mtu aliyetoka kambini akitupa kitu, na kitu hicho kikalipuka.

"Ni yeye! Nimemwona akitupa!" mwanamke mmoja wa chini ya turubai alilia, na alikuwa anasema kweli tupu.

Askari wa kizuizi cha barabarani walifika upesi. Walimkuta Vénuste ameketi kwenye tope, ameshika tumbo, na damu ikipita kati ya vidole. Kipande cha bati kilikuwa kimemwingia hapo. Walimfunga mikono vilevile. Ofisa wao, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, aliita watu wa shule.

"Nyie shuleni mnaweka vitu vya kulipuka?"

"Sisi? Hapana, afande!" Kabera alisema haraka. "Ni shule ya batoto!"

"Ni sodiamu, afande," Vénuste alisema kwa shida. "Ni ya labo. Ililowa na mvua. Muulize Maman huyu, ndiye anayeitunza."

Ofisa alimgeukia polepole. "Wewe mbeba mizigo. Umejuaje?"

Swali lilimtega Vénuste. Aseme alikuwa mtunza maabara kabla ya vita? Basi anajua kutengeneza mabomu. Aseme hajui? Basi kwa nini ametaja jina? Mukansanga aliliona hilo usoni mwake, akaona pia macho yakimgeukia yeye, ya Vénuste, ya Kabera, ya ofisa, na mvua inawamwagikia wote.

"Mama, kweli? Kulikuwa na kitu kama hicho?"

Mukansanga aliona vyumba viwili vya shule. Alimwona Umuhire amesimama nje na godoro. Aliona na yeye mwenyewe amefungwa kamba, mwanamke aliyempa mtu wa kambini bomu la kupitisha sokoni. Ilikuwa hofu tupu, wala tusiipambe.

"Sodiamu iko ndani ya chupa yake, afande," alisema. "Ndani ya mafuta. Mi siyui huyu alibeba nini."

Vénuste hakumlaumu. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu, kisha askari wakamwinua, wakampeleka kituoni.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Kabera alipita maabara mpya akipangusa jasho, akasema, "Maman, tumehama salama, Mungu mukubwa," na hakutaka kusikia neno jingine. Mukansanga aliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Alichukia mikono yake, alimchukia Kabera, na kuna saa alimchukia hata Vénuste kwa kuwa mwema, maana angekuwa mwovu kidogo mzigo ungepungua. Umuhire alipomuuliza kwa nini taa haiwashwi na mafuta yapo, alimfokea mtoto mpaka akalia.

Kisha akaja mke wa Vénuste, Dusabe, mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni. Alisimama kwenye dirisha lisilo na kioo, hakuingia.

"Maman, banasema anaumwa sana mule ndani," alisema. "Nilimwona Direkteri, akasema hajui kitu. Wewe unaijua ile labo. Ukienda kusema, batakusikia. Mimi nani atanisikia?"

"Nitaona," Mukansanga alimjibu, bila kuinua uso.

"Asante, Maman. Vénuste aliniambia unaitunza vizuri. Alipokwenda kuandikishwa kibarua alichungulia dirishani, akarudi amefurahi, akasema meza yake haijaharibika."

Hilo ndilo lililomvunja. Alilia siku ile mbele ya wanafunzi, akawaambia ni moshi. Asubuhi iliyofuata alimpeleka Umuhire kwa jirani, akamwambia akikawia asimngoje, akashuka kilima mpaka kituo cha askari. Dusabe alikuwa ameketi nje ya lango na chungu kidogo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Mukansanga alimpita haraka, asije akakosa ujasiri.

Yule ofisa kijana alimpokea, akampa kiti. Mukansanga hakuketi. Alisema yote kwa mkupuo mmoja: amri ya vitu vikavu, mafuta aliyoyachukua, mkebe, mfuniko wenye kutu, dirisha, uongo wake kwenye mvua. "Nifungeni mimi," alimaliza. "Yeye aliwaokoa bale bamama ba parachichi. Hakutupa ili aue, alitupa ili wapone."

Alingoja afokewe. Ofisa aliweka kalamu yake mezani.

"Tulijua, Mama," alisema.

"Mlijua?"

"Fundi wetu wa mabomu aliviangalia vipande vya ule mkebe kesho yake. Akasema hili si bomu, ni kitu cha shule. Lakini raia walimwona akitupa, na ametoka kambini. Siwezi kumwachia mtu kama huyo, au kumtoa hapa kumpeleka hospitali, bila mtu wa shule kuja kusema: ndiyo, ni chetu. Nilimtumia mkuu wenu ujumbe. Akajibu haijui hiyo dawa. Nikasema, basi, yule mama atakuja. Nilikungoja wewe."

Mukansanga alishika ukingo wa meza. "Nimekuja, afande. Nimesema. Sasa mpelekeni."

"Amekufa alfajiri hii," ofisa alisema. "Tumbo liliharibika." Akainuka, akavaa kofia yake, akaivua tena. Alikuwa kijana mdogo, nusu ya umri wa Mukansanga. "Mke wake yuko pale nje, hajaambiwa. Mimi sijui nianzie wapi. Wewe ni mwanamke mwenzake, na ni mtu wa shule. Mwambie wewe."

Nje jua lilikuwa limetoka na barabara inafuka mvuke. Dusabe alipomwona akitoka langoni aliinuka upesi, akaweka chungu chini, akaja mikono miwili mbele, uso umefunguka kwa mara ya kwanza.

"Maman! Umekuja kweli! Mungu akubariki," alisema, akamkumbatia kwa nguvu. "Bamekusikia? Banamtoa saa ngapi?"

Mukansanga alisimama ndani ya mikono ile, wala hakuwa na haki ya kushikwa nayo.

"Bamenisikia," alisema. "Keti, Dusabe. Keti kwanza, nikuambie nani amemuua."