Mpaka Tuvune

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Noeline aliitoa mimea nje. Ilikuwa miwili, ndani ya ndoo za rangi zilizotobolewa chini kwa bisibisi iliyochomwa moto. Ndoo moja aliipakia kwenye kiti cha magurudumu cha zamani cha kaka yake, kile chenye gurudumu lililopinda, na nyingine kwenye ubao alioufunga mbele ya kiti hicho kwa kamba ya nailoni. Kisha alisukuma. Aliegemeza tumbo kwenye vishikio, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimefungua chaza kwa miaka ishirini na sita na havikupenda tena kushika kitu kwa nguvu.

Alikuwa amefika katikati ya ua aliposikia sauti juu ya uzio.

"Simama hapo hapo. Usiitikise."

Ilikuwa sauti ya Zdenka, jirani wa upande wa kushoto, mjane wa miaka sabini na sita. Kichwa chake kilichomoza juu ya mbao kikiwa na nywele ambazo hazijachanwa, jambo ambalo Noeline hakuwahi kuliona.

"Umeamkaje, Zdenka?"

"Utaniuliza baadaye. Funga breki."

"Hakina breki."

"Basi weka mguu."

Noeline akaweka mguu mbele ya gurudumu. Alikuwa mtu wa kutii, hasa asubuhi.

"Nakuja," Zdenka alisema. "Usisogee, usikohoe."

Kichwa kikatoweka. Noeline akabaki amesimama katika baridi ya Machi, mguu wake ukiwa breki, akiitazama mimea kana kwamba huenda ikamwambia kosa lake. Ilikuwa imerefuka kumpita. Kwa macho yake ilikuwa mizuri.

Hakuwa mkulima. Kwao kulikuwa Pambula, mji mdogo wa pwani, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa Kambah, kitongoji cha bara, na huko kwao alikuwa na kazi kwenye banda la chaza na nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Alikuja kumwuguza kaka yake Alwyn kwa wiki sita, alipoanguka bafuni. Wiki sita hizo sasa zilikuwa na miaka minne. Ugonjwa wa Alwyn ulikuwa ule wa mishipa ya fahamu, usioua haraka wala kupona. Miguu yake ilikakamaa ghafla kama mbao, ikatetemeka, na ilibidi mtu aikunje na kuisugua mpaka ilegee, mchana hata usiku. Vidonge vya hospitali viliilegeza miguu pamoja na kichwa. Akivimeza alisinzia juu ya sahani. Serikali ilikuwa tayari kumletea mhudumu asubuhi na jioni, na karatasi zilikuwepo nyumbani tangu mwaka juzi, zikingoja kujazwa na sahihi yake.

"Sitaki mtu nisiyemjua anivue soksi," alikuwa akisema. "Atavuta, mguu utakaza, nitampiga teke la meno. Halafu?"

Ndipo Septemba iliyopita alipotoa rai ya bangi. Sheria ya mji ilimruhusu mtu mzima mimea miwili nyumbani kwake. Kuna watu iliwatuliza miguu, alisema, na yeye akipata cha kumtuliza, ataweza kuishi na huyo mhudumu wao, na Noeline aende zake.

"Kwa hiyo nikae mpaka lini?" Noeline aliuliza.

"Mpaka tuvune."

Aliyashika maneno hayo mawili kama mtu anavyoshika tiketi ya basi, mkononi, hata mfukoni haweki.

Sheria iliruhusu jua tu. Taa ya umeme ilikuwa marufuku. Na ua wa Alwyn ulikuwa upande wa kusini wa nyumba, upande ambao huku jua huuonja tu likapita. Basi Noeline akawa analifuata jua. Asubuhi aliipeleka mimea kwenye kona ya uzio wa magharibi, alikotundika vile vizuia jua vya fedha vya kwenye vioo vya magari ili mwanga urudi upande wa pili wa majani. Saa sita aliihamishia kwenye njia ya gari. Saa tisa aliipeleka chini ya kamba za kuanikia, na jua likizama aliifunika shuka na kuirudisha bandani. Mara nne kwa siku, kila siku, na katikati ya hayo kulikuwa na Alwyn, na miguu ya Alwyn, na chakula, na kufua.

Kosa la kwanza alilifanya mapema. Watu wa Kambah hawatoi nje hata mche wa nyanya kabla ya Jumanne ya mbio za farasi, mwanzoni mwa Novemba, baridi ya huku inapokwisha. Si sheria, ni jambo ambalo kila mtu analijua, na kwa hiyo hakuna anayelisema. Noeline alitoka pwani, ambako umande haugandi. Alitoa miche yake miwili ya kwanza katikati ya Oktoba, na asubuhi moja aliikuta imelala, myeusi, kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Kati ya mbegu nne alizopewa Alwyn na mtu aliyefanya naye kazi zamani, zikabaki mbili. Hizo mbili ndizo zilizokuwa mbele yake sasa.

Zdenka aliingia kwa lango la pembeni, ndala miguuni, koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, ngumi moja imefumbwa. Akaifumbua. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ua la kijani, na alipokiminya kwa kucha ikachomoza punje.

"Hii ni nini?"

"Mbegu?" Noeline alisema.

"Mbegu. Tangu waruhusu napanda miwili yangu nyuma ya nyanya, sijawahi kuona mbegu. Mwaka huu imejaa, utafikiri mtama, dawa yote imeishia kwenye mbegu. Nikakaa kitandani nikajiuliza, ni nani kaleta mwanaume mtaani?"

Aliinama, akainua jani moja kwa ncha ya kidole, polepole. Chini yake vilining'inia vijipira vidogo, vishada kwa vishada, na vingine vilikuwa vimepasuka. Vumbi la manjano lilikuwa limetanda juu ya majani ya chini. Noeline alikuwa ameliona vumbi hilo wiki nzima. Alidhani ni uchafu wa barabarani, na juzi alilipangusa kwa kitambaa.

"Wewe, umri wote huo hujui kutofautisha dume na jike?"

"Sijafundishwa."

"Hata mbuzi hafundishwi."

Noeline alitaka kucheka, kicheko kikaishia kifuani.

"Dume halina kitu, mwanangu. Hutavuna kitu hapo. Linamwaga vumbi lake, linajisifu, linakauka. Kama Ante wangu, Mungu amrehemu."

"Yote mawili?"

Zdenka akazunguka kiti, akatazama ndoo ya pili, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yote mawili," alisema, na safari hii hakutania.

Noeline alikuwa bado amekanyaga mbele ya gurudumu. Hakuona sababu ya kuuondoa mguu. "Samahani, Zdenka. Magoti yako." Alijua kwamba kila Aprili Zdenka alichemsha mavuno yake katika mafuta akayachua magoti kwa mwaka mzima.

"Magoti yangu yameshakatishwa tamaa na wakubwa kuliko wewe. Lete shuka, uliloweshe. Na mkasi wa matawi."

Waliifunika mimea kwa shuka lililochuruzika maji ili vumbi lisiruke, kisha Zdenka akashika na Noeline akakata. Shina lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Ilimbidi aukanyage mkono wa mkasi kwa mguu. Wakaitia katika mifuko ya taka, wakafunga midomo. Noeline alipokisukuma kiti kukitoa njiani, kilienda kwa kidole kimoja. Wepesi huo ulimuuma kuliko kukata.

"Sasa huyo kaka yako," Zdenka alisema langoni. "Hakukuambia?"

"Angejuaje? Anaiona kwa dirisha tu."

"Kwa dirisha na darubini. Mwezi jana kanipigia simu kuniambia nyanya zangu zina madoa kwenye majani ya chini. Majani ya chini, Noeline. Nikaenda nikaangalia, kweli yapo." Akamtazama kidogo. "Mimi sisemi kitu. Nakwenda kunywa kahawa."

Alwyn alikuwa mezani jikoni, mbele ya dirisha lake. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kusahihisha karatasi za serikali kabla hazijachapwa, na alizoea kuiona koma iliyokosewa akiwa upande wa pili wa chumba. Leo alikuwa amechemsha maji mwenyewe, jambo lililomchukua robo saa na alilokuwa amelikataa tangu Krismasi. Darubini ya kuangalia kasuku ilikuwa juu ya meza, imelazwa kifudifudi.

"Zdenka ana nini?" aliuliza.

"Umeona."

"Nimeona bibi kizee mwenye koti la mwanaume ananyonga miti."

"Ni madume, Al. Yote mawili."

"Ah." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Bahati mbaya hiyo. Bahati mbaya kweli. Basi, Noli, tutajaribu tena, baada ya mbio za farasi. Yule bwana wa mbegu anazo nyingine. Tukipata ndoo kubwa zaidi, na wewe sasa umeshajua jua linavyokwenda..."

Noeline akaketi bila kuvua koti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na alihisi kila mmoja wake. Akaitazama darubini.

"Umejua tangu lini?"

Kabla Alwyn hajajibu, mguu wake wa kulia ukakaza. Ulinyooka chini ya meza kama uliovutwa na mtu, kikombe kikaruka, chai ikamwagika. Noeline alikuwa ameshapiga magoti sakafuni bila kuamua. Mkono mmoja nyuma ya goti, mwingine kisiginoni, anakunja, anangoja, anakunja tena. Mtetemo ulipita mikononi mwake mpaka mabegani.

"Tangu lini, Al?"

Kutoka pale chini hakumwona uso, naye hakumwona wake. Pengine ndiyo maana alijibu.

"Katikati ya Februari."

"Mwezi mzima."

"Wiki nne na siku mbili."

"Mwezi mzima nimesukuma madume. Mara nne kwa siku. Siku ya mvua ya mawe nilisimama nje nimeyashikia mwavuli."

"Nilikuona."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unapata mazoezi," alisema. Noeline hakucheka. Alisikia jokofu likinguruma, na chai ikidondoka kutoka mezani. Mguu ulianza kulegea, kidogo kidogo, lakini aliendelea kukishika kisigino, kilichokuwa baridi ndani ya soksi aliyoivalisha yeye.

"Niliona ukijua utasema basi, bora uende tu," Alwyn alisema. "Na usipojua utangoja mpaka Aprili. Aprili tungeona haikufaa. Tungesema mwakani."

"Na mwakani?"

"Mwakani tungepanda tena."

"Na isingefaa tena."

"Sikufika huko." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa la herufi, "Siwezi kulala kama hakuna mtu chumba cha pili. Basi. Nimesema."

Noeline alingoja hasira ije. Haikuja, hasira nayo inataka nguvu. Kilichokuja ni nyumba ya Pambula, ambayo mpangaji wake alihama Krismasi, na madirisha yake yaliyofungwa tangu siku hiyo. Aliiona ngazi ya mbele, na viatu vyake vya mpira vya kazini kwenye ngazi hiyo, ingawa viatu hivyo alivigawa zamani.

"Sema kitu, Noli."

Kwa miaka minne alikuwa na neno moja la nyakati kama hizi. Kila mara alisema "Si kitu," akainuka, akaweka maji jikoni. Lilikuwa tayari mdomoni. Alilishika hapo kidogo, na likakataa kutoka.

"Najaza zile karatasi za mhudumu leo," alikiambia kisigino. "Na wewe unatia sahihi. Mwezi wa tano nakwenda."

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Nimesikia unaongea na soksi." Alwyn akaisogeza darubini kando. "Niambie mimi."

Noeline akauachia mguu, akaushusha sakafuni taratibu, akashika ukingo wa meza na kuinuka. Alimtazama kaka yake, kidevu chake kisichonyolewa vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyemnyoa jana na alikuwa na haraka ya kuhamisha ndoo.

"Nataka kwenda nyumbani kwangu, Al," alisema. "Nakupenda, na nimechoka, na nataka kwenda nyumbani hata kama miguu yako haitatulia kamwe."