Profesa Aliyemnyamazisha Kasuku

Tangu utotoni nyumba nzima ilimwita Profesa, na jina likamkaa. Mama yake alikuwa dada mtu. Mdogo wa mama huyo ndiye aliyemzaa Kasuku. Profesa na Kasuku walilelewa kwa chungu kimoja, wakagombania shuka moja, wakaitana dada na mdogo wangu kama waliotoka tumbo moja. Darasani, Profesa alikuwa wa kwanza. Kwa maneno, hakuna aliyemfikia Kasuku.

Chuo kilipotangaza kuwa mtu anaweza kusoma sayansi ya michezo pamoja na lugha ya kigeni, na mwaka wa tatu akaenda kusoma na kufanya kazi ng'ambo, Kasuku alikuwa wa mwanzo kujiandikisha. Profesa alicheka.

"Lugha ya nini? Moyo unapiga vilevile kila mahali."

Lakini siku aliyowakuta mama zao jikoni wakimzungumzia mtoto atakayepanda ndege, na mama yake mzazi akishangilia kumzidi mama Kasuku, kitu kilimpanda kifuani kama kiungulia. Kulipokucha alikwenda kuomba nafasi ileile. Watu akawaambia anakwenda kumwangalia mdogo wake, mtoto wa watu asije akapotea.

Huko ng'ambo wakapangiwa klabu ya riadha. Asubuhi walikuwa darasa la lugha, mchana kwenye chumba kirefu cha klabu chenye vitanda vya kukandia misuli, mashine ya kukimbilia, na harufu ya dawa ya kuchua iliyochanganyika na viatu vilivyolowa. Mkuu wao alikuwa tabibu wa viungo, mama mkavu wa maneno aliyening'iniza miwani shingoni.

Profesa aliijua lugha ile kwa kanuni zake zote. Tatizo ni kwamba alitaka kila sentensi itoke imepigwa pasi. Aliipanga kichwani, akakagua kitenzi, akarekebisha mwisho wa neno. Ikishakuwa tayari, mazungumzo yameshahama mtaa. Kasuku yeye alijitosa. Siku moja alitaka kumwambia mruka viunzi, binti mrefu aliyekuwa tegemeo la klabu, amwonyeshe paja linapouma. Maneno mawili ya lugha ile yanafanana, akayachanganya: "Nionyeshe jogoo wako anaumwa wapi."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Kasuku alipoelezwa alichosema alicheka kuliko wote, akawika. Tangu hapo kitanda chake hakikukauka watu. Wanariadha walijilaza pale wakamwaga yao yote, ya misuli na ya wachumba. Kitanda cha Profesa shuka lilibaki limenyooka.

Jumapili mruka viunzi alikuwa akimwalika Kasuku nyumbani kwao. "Na dada yako," aliongeza kila mara, akimwangalia Kasuku. Profesa alikwenda, akakaa ukingoni mwa kochi akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Nchini kwake alikuwa Profesa. Hapa alikuwa na-dada-yako.

Mama yake naye akipiga simu ni kutia chumvi kwenye kidonda. "Mwenzio katutumia sauti anaongea kama mzawa! Wewe mbona kimya, mama?"

"Nina kazi, mama," alijibu, akakata simu akimwangalia Kasuku aliyelala akikoroma, mdomo wazi, kama asiye na deni na dunia. Akamchukia. Kisha akajichukia. Kisha akamchukia tena.

Ukaja mkutano wa klabu. Kasuku alitakiwa kueleza maendeleo ya waruka viunzi mbele ya makocha, wanariadha na mwalimu wao wa lugha. Alianza vizuri, mikono ikimsaidia pale ulimi uliposhindwa. Profesa akainua mkono.

"Samahani. Umekosea kitenzi hapo."

Kasuku akashukuru, akarekebisha, akaendelea. Mkono ukainuka tena. Kisha tena.

"Umesema baada ya mazoezi walikufa. Nadhani ulimaanisha walichoka."

Watu wakacheka, ila hiki hakikuwa kile kicheko cha jogoo. Kasuku alitazama chini. Yaliyobaki akayasoma kwenye karatasi, neno kwa neno, akaenda kukaa.

Walirudi kwa miguu. Kwenye ngazi Kasuku akasimama.

"Dada, ungeniambia chumbani ningekusikia. Mbele za watu ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Haya," Kasuku alisema. "Asante kwa msaada."

Tangu siku hiyo akafunga mdomo. Alifika kazini na vidude vya muziki masikioni, akakanda misuli, akapima, akaandika, akaondoka. Mwanzoni Profesa alisikia raha, raha ile ya kukuna upele. Tabibu alipoona kitanda cha Kasuku kimepoa, akamhamishia Profesa yule mruka viunzi. Profesa alimpokea kwa sentensi zisizo na doa.

"Je, una maumivu yoyote?"

"Hapana."

Akampima nguvu za miguu. Mguu wa kulia ulikuwa dhaifu kidogo kuliko siku zote. Akauliza tena, na binti akasema amechoka tu. Profesa aliuona udhaifu ule, akautilia shaka, lakini kumfuata tabibu ilikuwa kukiri kwamba mgonjwa wake mpya hamwambii kitu. Akamruhusu kushindana.

Siku ya mashindano mruka viunzi alitoka kama mshale. Kwenye kiunzi cha tatu alishika nyuma ya paja, akaanguka, akabaki chini akipiga ardhi kwa ngumi. Msuli ulikuwa umechanika. Msimu wake uliishia pale.

Kesho yake Profesa alimkuta amelazwa, barafu kwenye paja.

"Lilikuwa linavuta wiki nzima," binti alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama anayetaka kumaliza. Nilitaka kumwambia mdogo wako, lakini siku hizi haongei na mtu. Sijui amepatwa na nini."

Profesa akatafuta sentensi. Safari hii hakuipanga.

"Mimi. Mimi nimefanya yeye kimya. Na mguu wako, mimi naliona. Sikusema."

Binti akageukia ukutani.

Kasuku alikuwa chumba cha kufulia, anakunja taulo za klabu. Profesa alimweleza yote, hadi lile la kuomba nafasi ya chuo kwa kijicho, hadi la mguu. Kasuku hakuacha kukunja.

"La chuo nililijua tangu nyumbani. Ulipojiandikisha nilifurahi, nikasema heri, sitakuwa peke yangu." Akachukua taulo jingine. "Siwezi kukusamehe leo, dada. Nina hasira. Na hayo unayoniambia mimi, kayaseme kule ulikonifedhehesha."

Mkutano uliofuata wa klabu ulipofika, Profesa alisimama. Alieleza kosa lake la mguu, akaeleza alivyomtia aibu mdogo wake kwa wivu. Vitenzi vilimponyoka, maneno yakagongana. Kuna aliyecheka pembeni. Kasuku hakucheka, wala hakumsahihisha. Tabibu alivaa miwani, akasema kuanzia hapo Profesa hatapima mtu yeyote bila yeye tabibu kuwepo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka ukaisha.

Kasuku alirudi kuongea polepole, kwanza na wanariadha, mwisho na Profesa. Mruka viunzi alipona, akaanza upya na viunzi vifupi. Waliporudi nyumbani na kuhitimu, Profesa alipata alama za juu kuliko wote. Kasuku alipata barua ya klabu ikimwita kazini.

"Mwanangu," mama yake Profesa aliuliza mezani, "wewe na akili zako zote, mbona wamemwita mwenzio?"

Wivu ukampanda tena, uleule, mbichi kama siku ya kwanza. Akaumeza pamoja na mate.

"Kwa sababu kazi ile anaiweza kunishinda, mama."

Akaomba radhi, akaenda uani, akalia kidogo. Kisha akanawa uso, akaingia ndani kumsaidia Kasuku kufunga mizigo.