Buti za Chuma za Shangazi Tahadhari

Habari ile Verna Stuckey aliipata saluni, kichwa kimejaa povu, na mtu mwenye povu kichwani hana pa kukimbilia. Ardith, mwenye saluni, alimwambia kwamba kule klabu ya jirani ya wapiga shabaha kuna kauboi mmoja kajipiga risasi ya mguu, mwenyewe, mchana kweupe, watu wanatazama. Kidole kimoja kimekwenda.

"Bastola ilimkwamia kwenye mfuko wake wa ngozi," Ardith alisema huku akimsugua. "Akaivuta kwa nguvu, paa! Siku hizi wanamwita Vidole Tisa."

"Wewe umemwona?"

"Mimi nimwone wapi? Dada wa mteja wangu ndiye aliyemwona anachechemea."

Kwa mtu mwingine habari hiyo ingeishia pale pale kwenye beseni. Verna alikwenda nayo nyumbani. Alikula nayo, akalala nayo, akaamka nayo. Maana binti yake wa pekee, Kendra, kila Jumamosi alikuwa anavaa sketi ndefu na kofia pana, anafunga bastola mbili kiunoni, anakwenda kupiga vibao vya chuma pamoja na watu wazima wenye akili zao: mafundi bomba, wauguzi, wauza matrekta. Wote wanavaa kama babu za babu zao, na wote wanaitana kwa majina ya kujibandika. Kendra jina lake kule lilikuwa Binti Tufani. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anajitegemea, na alikuwa hodari kweli. Mwaka huo klabu yao ya Harlan Wells, hapo Oklahoma, ilikuwa inampeleka kwenye mashindano ya jimbo.

"Nakwenda na wewe," Verna alimwambia mezani.

"Mama, wewe ukija utapiga kelele. Mara ya mwisho uliniita jina nikiwa na bunduki mkononi."

"Nilikuwa nakukumbusha kuvuta pumzi!"

"Nilikuwa navuta, mama. Navuta tangu nizaliwe." Kendra aliweka uma chini. "Haya, tufanye hivi. Jumamosi hii jiandikishe upige mwenyewe. Ukimaliza vituo vyote sita bila kutolewa, tunakwenda wote kwenye mashindano ya jimbo, gari moja, na kelele zako utapiga njiani. Ukitolewa, mimi naondoka na wenzangu, wewe unabaki na paka. Baba ni shahidi."

Dwight, mume wa Verna, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinua kijiko bila kuacha kutafuna. "Shahidi."

Verna akakubali. Kupiga alikuwa anajua kidogo, amekulia shambani na makopo ya maharage yamemwogopa. Lakini sasa hakuwa anawaza shabaha. Alikuwa anawaza kidole.

Alianza na mfuko wa bastola. Kama wa Vidole Tisa ulimponza kwa kubana, basi wake hautabana. Alichukua mafuta ya kulainishia matandiko ya farasi, akaupaka mkanda na mifuko yake miwili. Kesho yake akaipaka tena. Ikawa kila akipita sebuleni anaipaka, kama mtu anayemwogesha mtoto. Kufika Ijumaa ngozi ilikuwa laini kama sikio la ng'ombe, na bastola inaingia na kutoka kama mguu kwenye soksi kuukuu. Alitaka apake na ya Kendra. Kendra alikuwa ameshaifungia kwenye gari.

Kisha viatu. Alichukua buti za kazini za Dwight, zile zenye chuma mbele, zilizochakaa mpaka ngozi ya puani imekwisha na chuma chenyewe kinang'aa nje. Zilimzidi. Alijaza soksi. Akapaka chuma rangi ya kahawia ya viatu, akashusha gauni refu la kizamani juu yake, akajitazama kwenye kioo na kuona mwanamke mwenye heshima wa zamani zile. Alipotembea, Dwight aliona bata.

"Unakwenda vitani?" Dwight aliuliza.

"Nakwenda kulinda vidole vya familia hii."

Klabuni ilikuwa lazima ajiandikishe kwa jina lake la kauboi, na jina halirudiwi. Verna alitaka Waridi la Nyika. Limeshachukuliwa. Ua la Nyika? Nalo lina mwenyewe. Kendra aliona foleni inarefuka, akachukua kalamu akamwandikia: Shangazi Tahadhari. Hakuna mtu duniani aliyewahi kulitaka hilo.

Kwenye meza ya kujazia risasi, Kendra ndiye aliyekuwa na zamu ya kukagua. Verna alimtazama binti yake akipokea bastola ya mwanamume mzima mwenye sharubu, akazungusha pipa lake la risasi taratibu, akamrudishia, "Anza upya, baba, umejaza vibaya." Na yule mwanamume akaanza upya bila kunung'unika. Verna hakuwahi kumwona hivyo. Nyumbani mtoto huyo huyo alikuwa haoni viatu vyake vikiwa mlangoni.

"Matundu sita, risasi tano," Kendra alimwambia zamu yake ilipofika. "Tundu tupu linakaa chini ya nyundo. Hivyo hata ikianguka hailipuki."

"Una hakika ni tupu?"

"Tazama."

"Tazama tena wewe."

"Mama, watu wanangoja."

Halafu akaja mshika kipima muda, mtu wa kusimama nyuma ya bega la mpigaji kituo baada ya kituo. Alikuwa mzee mnene, mgeni kutoka klabu ya jirani. Alikuwa anachechemea kidogo.

"Habari, Shangazi," alisema, akigusa kofia. "Mimi naitwa Vidole Tisa."

Verna nusura ameze utepe wa kofia yake. Ndiye huyu! Na ndiye wamempa kazi ya kumlinda yeye! Kuanzia hapo, kila akipiga hatua mbele, Vidole Tisa anapiga hatua, kwa kuwa kanuni inamtaka awe karibu aweze kumshika mkono. Na kila Vidole Tisa akisogea, Verna anajivuta pembeni.

"Shangazi, ukinikimbia nani atakushika?"

"Wewe jishike mwenyewe kwanza," Verna alimjibu, na watu wakacheka wakidhani ni utani.

Alipiga kama anavyopika: polepole, akionja. Wahesabuji watatu waliosimama pembeni walikuwa wanainua vidole kuonyesha risasi zilizopotea, na kwa Verna walimaliza vidole vya mkono mmoja wakahamia wa pili. Vibao vilinyamaza vimesimama, mavumbi ndiyo yaliyopata taabu. Lakini hakutolewa. Kituo cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, hakutolewa. Alishaanza kuwaza atapika nini cha kula njiani. Kendra naye alishaanza kumtazama kwa namna mpya, nusu fahari, nusu hofu ya hilo gari moja.

Kituo cha sita kilijengwa kama benki ya mbao. Mpigaji anasimama nyuma ya kaunta, anatamka maneno aliyopangiwa, kisha kipima muda kinalia. Anaanza na bunduki fupi ya marisau, anafuatia bunduki ndefu, bastola mwisho.

"Fedha hizi ni za kanisa!" Verna alipaza sauti. Kipima muda kikalia.

Alifungua ile ya marisau, akachomoa risasi mbili kiunoni. Moja ikaingia. Ya pili ikamteleza, vidole bado vina mafuta ya tandiko, ikaanguka chini.

Sasa hapa ndipo mama mwenzangu unayesoma usikilize. Kanuni ya kule inajulikana na kila mtu, na Kendra alimwimbia mama yake wiki nzima: risasi iliyoanguka ni mfu, iache ilale, chukua nyingine. Lakini Verna alikuwa ameokota vitu sakafuni tangu siku alipojifungua. Ameokota soksi, vijiko, vifungo, makombo, mdoli asiye na kichwa. Kiuno chake hakiulizi ruhusa. Aliiweka bunduki juu ya kaunta ikiwa wazi, akainama kuokota.

Bastola ya kulia ikatoka kwenye ule mfuko laini kama samaki aliyepakwa sabuni. Ikashuka moja kwa moja juu ya buti.

NGOO!

Ulikuwa mlio safi, mtamu, wa chuma kwa chuma. Mhesabuji mmoja, kwa mazoea, akapiga kelele, "Imepata!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Verna, kwa aibu, akanyoosha mkono aiokote na bastola nayo.

"Usiguse!" walipiga kelele kwa pamoja, na Vidole Tisa akamshika mkono. Aliiokota yeye, mdomo wa bastola ukielekea kwenye kilima cha mchanga, akaifungua, akamwonyesha.

"Tundu tupu liko chini ya nyundo. Binti yako alikukagua vizuri. Lakini bastola yenye risasi ikianguka, siku ya mtu imekwisha. Pole sana, Shangazi. Umetolewa."

Verna alihisi gari la kwenda mashindanoni likimpita mbele ya macho, Kendra yuko ndani, dirisha limefungwa.

"Afadhali yangu imeanguka," alisema, machozi karibu. "Yako ilikwama ndiyo ikakutoa kidole."

"Ilikwama nini?"

"Bastola. Kwenye mfuko."

Vidole Tisa alimtazama, akatazama mguu wake, akacheka mpaka akashika kaunta. "Nani kakudanganya? Mama wee, mimi nilikuwa nimebeba chungu cha maharage! Chungu cha chuma, chakula cha mchana cha klabu, na mimi nimevaa ndala. Kishikio kikanitoka. Maharage yenyewe hayakumwagika hata moja, watu walikula wakiisubiri ambulensi."

Kendra alikuwa ameketi chini kwa kicheko, kofia imemtoka. Alipoinuka alimfuta mama yake vumbi usoni.

"Mfuko ulikuwa mzuri, mama. Kwa nini uliupaka mafuta?"

"Nilitaka niwe karibu nawe tu."

"Najua. Lakini makubaliano ni makubaliano, na baba ni shahidi. Nitakupigia simu kila jioni. Usipige wewe."

Wiki iliyofuata Kendra aliondoka na Vidole Tisa na mkewe. Verna alibaki na paka. Hakupiga simu, ingawa aliishika sana. Binti alirudi wa tatu kati ya wanawake wote wa jimbo, akicheka, na bandeji kwenye kidole.

Verna alimshika mkono. "Mkono umefanya nini?"

"Kifuniko cha chungu, mama. Wakati wa chakula."

Jioni hiyo Verna aliketi, akaandikia akina mama wengine wa klabu mambo ya kuepuka. Ni haya:

Usisikilize habari ukiwa na povu kichwani.

Usilainishe mfuko wa bastola kwa mafuta. Uache ubane.

Usijaze tundu la sita.

Usiokote risasi iliyoanguka.

Usiguse bastola iliyoanguka, hata kama ni yako.

Usimwite mtoto jina akiwa ameshika bunduki.

Usiweke makubaliano na mwanao mbele ya baba yake.

Usibebe chungu cha chuma ukiwa umevaa ndala.

Usishike kifuniko bila kitambaa.